Baka la Shavuni na Majina Yake

Lilianza dogo kama ukucha wa kidole gumba, chini ya jicho la kushoto. Mume wangu ndiye aliyeliona kwanza. Alikuwa amekaa mlangoni akivua buti za kazi, akanitazama na kusema, "Mama, umejipaka unga." Nikapangusa. Akasema bado upo. Nikapangusa tena mpaka shavu likawaka moto, shavu lote isipokuwa pale penye baka. Kama ningekuwa na akili, hadithi hii ingeishia siku hiyo hiyo. Lakini sikuwa na akili, nilikuwa na mandazi kwenye mafuta.

Tulikaa Malaba, upande wa Kenya. Ilikuwa mwaka wa Uhuru au ule uliofuata. Mume wangu alifanya kazi stesheni, ya kubadilisha njia za reli ili treni zipite. Mimi nilikuwa na kibanda cha chai kando ya barabara, hatua chache kabla ya daraja la kuvukia Uganda. Wateja wangu walikuwa madereva wa malori na matanboi wao, vijana wa kuwasaidia safarini, watu wa Mombasa, wa Nakuru, wa Jinja, wakisubiri karatasi zao zigongwe mihuri. Mtu anayesubiri muhuri hunywa chai nyingi sana. Sikuwahi kuilaani serikali kwa kumchelewesha mtu.

Tuliishi na mama mkwe wangu, mwanamke mfupi kutoka Amukura mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio kijiji cha pili. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu huku na huku kama anayenunua papai, akatoa hukumu. "Choa." Akanipaka majivu yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, asubuhi na jioni. Dereva mmoja akasema majivu ni kazi bure, hakuna choa inayoweza kushinda mafuta ya breki, akaniachia kidogo kwenye chupa ya soda. Nayo nikapaka. Kama ingekuwa choa kweli ingekufa, maana hata mimi nilikaribia.

Baka halikujali. Likawa kubwa kama kifuniko cha birika, jekundu kwa pembeni na jeupejeupe katikati.

Nikaenda zahanati. Palikuwa na dresa mmoja, mfunga vidonda wa serikali, kijana mwenye koti jeupe na kalamu tatu mfukoni. Watu wote walimwita daktari, naye hakuwasahihisha. Hakunigusa. Alinitazama kutoka ng'ambo ya meza, akasema, "Hiyo ni choa tu, mama," akanipaka dawa ya zambarau. Nilitembea na shavu la zambarau kwa miezi. Tanboi mmoja aliniuliza kama mzee wangu ananipiga ngumi. Nilimwambia ni urembo wa Kampala, akaamini.

Baka la pili likatokea kwenye mkono wa kushoto, karibu na kiwiko. Dresa akabadilisha mawazo: sasa ni mba. Akanipa mafuta meupe yenye harufu ya kitu kilichofia ghalani. La tatu likatokea pajani. Siku nilipomwambia kuhusu hilo la paja, aliinuka, akafunga mlango, akashusha sauti.

"Mama, mzee wako analala nyumbani kila siku?"

"Analala."

"Kila siku, kila siku?"

"Isipokuwa akiwa na zamu stesheni."

"Aha," akasema dresa, akaandika kwa muda mrefu sana. Ilikuwa kaswende. Tuchomwe sindano wote wawili.

Sasa lazima niwaeleze mume wangu alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mtu wa kupisha kuku njiani. Akisalimiwa na mwanamke asiyemjua, alijibu huku akitazama viatu vyake. Lakini mimi siku hiyo sikukumbuka hayo. Nilifika nyumbani nikatupa buti zake nje, moja ikaangukia kwenye sufuria ya maharagwe ya jirani.

"Stesheni kuna nini?" nikamuuliza.

"Kuna treni!"

"Na nini ingine?"

"Treni ingine!"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza kila neno, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe alikuwa upande wangu. Maskini mtu yule aliapa kwa kila alichokijua, mwisho akaapa kwa reli yenyewe. Kisha akaenda kuchomwa sindano kama alivyoambiwa. Wiki nzima alikaa kwa upande mmoja wa matako, ameadhibiwa kwa dhambi ambayo hata hakuifurahia.

Baka halikupungua hata kidogo, na mama mkwe akasema basi, yamebaki ya kiroho. Watu waliookoka walikuwa wakikutana Jumapili kwenye ghala la pamba. Akanipeleka. Mhubiri aliniweka mbele, akanitazama lile shavu kwa huruma kubwa, akasema, "Dada, kuna kitu umeficha. Kiseme, upone."

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta. Dhambi zangu nzuri zote zilikuwa za zamani, za kabla ya kuolewa, na mama mkwe alikuwa pale pale mstari wa kwanza. Watu wakawa wanaimba polepole wakinisubiri. Nikaona nitoe hata ndogo.

"Natia maji kwenye maziwa ya chai," nikasema.

Wimbo ukakatika. Nusu ya watu waliokuwa mle ghalani walikuwa wateja wangu.

"Kiasi gani?" ikauliza sauti moja kutoka nyuma.

Mhubiri akasema Haleluya, lakini haikuwa na nguvu. Wateja walinihama kwa wiki mbili, wakaenda kwa mwenzangu wa karibu na daraja. Wakarudi walipogundua kwamba yeye anatia maji zaidi, ila hajaokoka.

Wakati huo wote nilikuwa nimepata sifa moja ambayo sikuitafuta. Niliweza kuepua sufuria ya chai inayotokota kwa mkono mtupu, bila kitambaa, na kuitua chini taratibu. Sijui ilianza siku gani. Najua tu kwamba madereva walianza kuniita Mama Chuma, na matanboi waliacha kazi zao waje kutazama. Nami nikapenda. Jioni nilikuta malengelenge kwenye vidole vya mkono wa kushoto, nikasema ni kazi. Kidole kidogo na cha jirani yake vilianza kujikunja, havinyooki vizuri, nikasema ni kukanda unga. Kila kitu nilikuwa na jibu lake.

Asubuhi moja walikuwepo madereva watano au sita. Mmoja alikuwa mtu mzima wa upande wa Mbale, mpole, ambaye alikuwa amepita kwangu mara tatu nne. Alivaa koti hata kwenye jua, na mkono wake mmoja haukutoka mfukoni. Nikaepua sufuria yangu kwa madaha, wote wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Aliendelea kukaa mpaka wenzake walipoitwa kwenye karatasi zao, ndipo akaniita kwa heshima ya kwao Uganda, "Nyabo, kaa chini kidogo."

Nikakaa. Nilidhani anataka kulalamika juu ya maziwa.

"Nani alikufundisha kubeba moto?"

"Ni mazoea tu, sebo," nikamjibu kwa heshima ile ile.

Akatoa mkono mfukoni, akauweka juu ya meza. Vidole viwili vilikuwa vimeishia katikati. Vingine vilikuwa vimekunjwa, kama vyangu lakini kupita vyangu.

"Mimi pia nilikuwa na mazoea," akasema.

Akainama, akaokota unyoya wa kuku chini ya benchi. Akaupuliza vumbi. "Funga macho. Ukisikia nakugusa, sema hapo."

Nilifunga macho nikiona haya, mke wa mtu nachezewa na unyoya barabarani. Akagusa paji la uso. "Hapo," nikasema. Kidevu. "Hapo." Shavu la kulia. "Hapo." Kisha kukawa kimya. Nikasikia lori likiwashwa, nikasikia maji ya chai yakichemka, nikangoja.

"Mbona umeacha?" nikamuuliza.

"Sijaacha," akasema.

Nikafumbua macho. Ule unyoya ulikuwa bado unatembea juu ya baka langu, huku na huku.

Nilimuuliza huu ni ugonjwa gani. Akasema yeye ni dereva, hawezi kumpa mtu jina la ugonjwa, lakini nje ya mji wa Busia kuna hospitali ambayo wanaujua vizuri, na nisipitie tena kwa yule wa zambarau. "Uende kesho," akasema. "Si wiki ijayo, nyabo. Kesho." Akamaliza chai yake, akarudisha mkono mfukoni, akaenda zake. Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, akiwa juu ya lori linalopita mbio, akanipungia ule mkono mfupi.

Kesho yake nilimwambia mume wangu naenda Busia kununua samaki. Nikapanda lori la pamba, nikafika nikiwa na manyoya meupe kichwani kama bata. Daktari wa hospitali ile alikuwa Mzungu mrefu, mwembamba, aliyesema Kiswahili kilichopigwa pasi, kila neno mahali pake. Huyu alinigusa. Alinigusa kila mahali kwa pini, kwa pamba, kwa vidole. Alibonyeza kiwiko changu kwa ndani akakuta mshipa mnene kama kamba ya kufungia mbuzi. Akaleta vichupa viwili vya maji, kimoja cha moto na kimoja cha baridi, akaviweka kwa zamu juu ya mabaka, niseme ni kipi. Sikusikia lolote, lakini sikutaka aone nimeshindwa, nikawa nabahatisha.

"Moto," nikasema. "Baridi. Moto."

"Mama," akasema, "tafadhali, usinisaidie."

Akanikata kidogo sana kwenye ncha ya sikio, akapaka ile damu na majimaji kwenye kipande cha kioo, akaingia nacho chumba kingine. Nilikaa kwenye benchi mpaka jua likapita utosini. Aliporudi alivuta kiti akakaa karibu nami kabisa, magoti yetu yakikaribia kugusana.

"Ni ukoma," akasema.

"Ni huo tu?" nikamuuliza.

Akadhani sikusikia, akarudia polepole zaidi. Nilikuwa nimesikia. Lakini fikirini: kwa miaka karibu mitatu nilikuwa mchafu, nilikuwa mwenye dhambi, nilikuwa mke wa mzinzi. Nilipakwa jivu, breki na zambarau. Na sasa mtu mmoja amekaa mbele yangu na jina moja, amelitoa kwenye kioo, na anasema lina dawa. Nilitaka kumkumbatia, sema angeogopa.

Hofu ilikuja baadaye, nilipoachwa peke yangu nikingoja vidonge. Kanisani nilikuwa nimesikia habari za wakoma tangu utotoni, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kibanda cha chai. Nililia pale kwenye benchi. Chozi la kulia nililisikia njia yote. La kushoto lilipotea chini ya jicho, nikalisikia tena lilipofika kidevuni.

Daktari alirudi na vidonge vidogo vyeupe, akanieleza bila kunificha. Nitavimeza kwa miaka. Nisiruke hata siku moja. Vile vidole viwili huenda visinyooke tena, lakini vilivyobaki vinaweza kuokolewa, mradi niache kubeba moto kwa mikono mitupu. Akasema watu wengi hawaambukizwi ugonjwa huu hata wakiishi nao nyumba moja, na dawa ikianza kufanya kazi hatari hupungua sana. Nimletee watu wote wa nyumbani awaangalie. Na mwezi ujao nirudi.

Nilirudi Malaba bila samaki. Mume wangu alinikuta nimekaa kitandani, akaketi kando yangu.

"Nimetoka hospitali," nikasema. "Si kaswende."

Aliruka. Mtu yule mpole, wa kupisha kuku, aliruka juu akapiga makofi, akazunguka chumba akisema, "Sikukuambia? Sikukuambia mimi?" Akatoka nje akamwita mama yake amwambie si kaswende, akamwambia na jirani wa maharagwe. Aliporudi ndani alikuwa anahema. Ndipo akakumbuka kuuliza.

"Sasa ni nini?"

"Ni ukoma."

Akakaa chini. Alinishika ule mkono wa vidole vilivyokunjika, akautazama kama hajawahi kuuona. Mwisho akavuta pumzi.

"Lakini si kaswende," akasema.

Nilicheka mpaka nikaumwa mbavu, na yeye akacheka, na sijui ni wakati gani kile kicheko kiligeuka kilio, kwa wote wawili.

Mama mkwe hakucheka. Kesho yake sahani yangu ilikuwa imefungwa uzi mwekundu ili isichanganywe na nyingine, na kwenye chungu cha ajono, pombe ya mtama ambayo sisi hunywa tukizunguka chungu kimoja kila mtu na mrija wake, mimi nilipewa kibuyu changu kando, karibu na mbwa. Yeye mwenyewe akahamia kwa kaka yake Amukura. Habari zikafika barabarani kabla yangu. Wateja wa hapa hapa Malaba wakawa wanapita kibanda changu upande wa pili wa barabara, wengine wakiziba pua, ingawa sijui waliambiwa ukoma unanuka nini. Nilibakiwa na madereva wa mbali ambao hawakujua. Wengine walijua wakaja tu, kwa sababu foleni ya mihuri haikuwa na huruma kwa mtu mwenye kuchagua.

Siku moja dresa akaja. Hakuwa na koti jeupe, na bila koti alikuwa mtoto kabisa.

"Nimesikia si kaswende," akasema.

"Mwambie mzee wangu, yuko ndani."

Akaingia, akamwomba msamaha. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa upole kwamba amesamehe, ila angependa kurudishiwa sindano zake. Dresa akatoka ametahayari, lakini hakuondoka. Alisimama mbele yangu akasema, "Mama, walikufanyia nini huko? Nionyeshe." Nikamwonyesha. Mimi niliyeishia darasa la tatu nilimkalisha dresa wa serikali kwenye benchi, nikamfundisha kazi ya unyoya, ya pini, na ya kutafuta mshipa kwenye kiwiko. Alijifunza vizuri. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amewapeleka Busia watu wawili wengine, mmoja wao akiwa bado ana vidole vyake vyote vimenyooka. Baada ya hapo niliacha kumcheka hadharani.

Kilichobaki ni mama mkwe. Mume wangu alishaangaliwa, akaonekana mzima. Mama yake akagoma. "Mimi nina ugonjwa gani? Mimi ni mzee tu." Tulimbembeleza miezi mitatu. Mwisho alikubali kwa sababu aliambiwa bei ya samaki Busia imeshuka.

Alivua gauni akinung'unika, akamgeuzia daktari mgongo. Daktari aliniita kwa kidole nije nione. Pale katikati ya mabega palikuwa na baka pana kama sinia, la siku nyingi, limekauka, mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kuona na hakuna mtu mwingine aliyekuwa na sababu ya kuangalia. Daktari akapitisha pamba. Mama mkwe akaendelea kulalamikia bei ya nauli.

"Mama," daktari akasema, "unalo baka hapa."

"Wapi?"

"Mgongoni."

"Huo mgongo mimi siuoni. Utajuaje ni wangu?"

Lakini alipoonyeshwa kwa vioo viwili, alilivuta gauni lake akavaa haraka. Daktari alisema hakuna njia ya kujua nani alimwambukiza nani. Mimi nilikuwa na maoni yangu, nikayafunga mdomoni kwa nguvu zote. Tulirudi juu ya lori, samaki wetu katikati. Tulipokaribia nyumbani akasema, bila kunitazama, "Nilikuwa najikuna huko, sipati kusikia."

"Ndiyo, mama."

"Nilidhani ni uzee."

"Ndiyo, mama."

"Usiseme ndiyo kila mara kama polisi."

Jioni hiyo alirudi kulala kwetu. Na kuanzia mwezi uliofuata tulikuwa wawili wa kwenda Busia. Mimi nilimeza vidonge vyangu kimya kimya. Yeye alikuwa anawapanga wagonjwa kwenye foleni, anamwambia nani awahi na nani amechelewa, anaagua magonjwa ya watu kabla hawajafika mlangoni, anagombana na wauza samaki, anajua habari za kila nyumba kutoka Funyula mpaka mtoni. Alinenepa. Mabaka yangu yalififia polepole, la shavuni likawa kivuli tu, na ngozi yake ikarudiwa na uhai kwa pembeni. Vidole viwili vilibaki vimekunjika; navitumia kushikia mpini wa kisu, vinafaa sana.

Miaka ya sitini ilikuwa ukingoni daktari alipotukagua kwa mara ya mwisho, akatazama vipande vyake vya kioo, akatuambia hakuna tena vijidudu, tumemaliza, twende nyumbani. Nilimshukuru kwa mikono miwili. Mama mkwe hakushukuru. Alimwuliza kama ametafuta vizuri, labda kimebaki kimoja mahali. Daktari akacheka, akasema hakuna hata kimoja. Mama mkwe alitoka amenuna, akatembea mbele yangu mpaka sokoni, na tulipokuwa tukingoja lori aliniuliza kwa uchungu kabisa sasa kila mwezi tutasema tunaenda Busia kufanya nini.